Ndege gani huyo mtu avuke bahari kuja kumwona? Barua zenu na majibu

Toleo lililopita tuliweka picha ya watalii wamesimama kando ya barabara wote wanaangalia juu kwa darubini, tukauliza tu wanatafuta nini, nanyi mkaandika mpaka meza ikajaa. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa ndege wale ambao watu wa dunia nzima wanaota kuwaona kabla hawajafa. Wengi wako huku huku kwetu. Barua ndefu nimezipunguza lakini maneno ni yenu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Ifakara. Juzi mimi na mwenzangu tulibeba wazungu wawili, mtu na mkewe, wazee kidogo, wakataka mtoni. Nikajua wanataka viboko. Kumbe wanaangalia minana kwenye matete! Asubuhi nzima. Yule mama alipompata kwenye darubini akalia, machozi kabisa, mumewe akamkumbatia. Mnana jamani, ndege ambaye sisi tunamfukuza kwenye mpunga. Hivi pale kuna nini?
Boda, Ifakara

JIBU: Kaka, huyo mama hakulia bure. Yule si mnana wa kila mahali, yule ni mnana wa Kilombero, na dunia hii yote hana kwao kwingine isipokuwa bonde lenu hilo, matete ya mto na mabwawa yake basi, ukimkosa hapo umemkosa. Wataalamu wamemwandika rasmi kuwa ni aina ya peke yake mwaka 1990, ni juzi tu hapo, yaani wazee wenu wamevua pale miaka yote na ndege yupo juu ya vichwa vyao ila kwenye vitabu hayumo. Ukipita tena mtazame vizuri, dume ana njano ya kuwaka na uso mweusi, jike amepooza rangi, na viota wanavifunga kwenye matete yaliyosimama kwenye maji. Na wale wanaokuja kwa makundi makubwa wakamaliza mpunga mara nyingi ni kwelea kwelea, tusimhukumu huyu kwa kesi ya mwingine.

Sasa kwanini mtu alie. Wazungu wa ndege wengi wanaweka orodha ya kila aina waliyoiona maishani, na aina zote duniani ni kama 11,000 hivi, kwa hiyo kuna mtu amehangaika miaka, amejinyima, amesoma vitabu usiku, anajua sauti ya ndege ambaye hajawahi kumwona, halafu siku moja anakaa nyuma ya pikipiki yako na dakika kumi baadaye huyo hapo. Uzuri wa manyoya haumo sana kwenye hesabu hiyo. Yule ndege wa Mikumi mwenye zambarau kifuani na bluu mabawani anayekaa kwenye nyaya ni mzuri kupita maelezo lakini hakuna anayemlilia, maana yupo nchi nyingi na unamwona hata ukiwa ndani ya basi. Anayeotwa ni yule ambaye ukimtaka lazima umfuate kwake, na kwake ni mahali pamoja tu, au pawili, na pengine penyewe panapungua.

Kuna Mmarekani mmoja, Phoebe Snetsinger, mwaka 1981 madaktari walimwambia ana saratani ya ngozi na muda wake uliobaki ni mfupi. Akaamua kuzunguka dunia kutafuta ndege. Akaishi miaka mingine 18, akawa mtu wa kwanza kufikisha aina zaidi ya 8,000, na akafariki mwaka 1999 kwa ajali ya gari Madagaska akiwa kwenye safari hiyo hiyo ya ndege. Nakutajia ili ujue wateja wako wanatoka kwenye ukoo gani.

Ushauri wangu wa kikazi: jifunze kumtofautisha huyo mnana na wenzake, ujue matete gani wanajenga na miezi gani, na uwe unawaambia wageni wasisogee mpaka kwenye viota. Bonde la Kilombero limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2002, lakini mashamba na mifugo vinazidi kuingia mpaka ukingoni, na yakiisha matete hakuna tena wa kuja kulia.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kwetu ni Bukoba ila nafanya kazi gesti hapa Entebbe. Kila mgeni akifika hajaweka hata begi chini anauliza habari za ndege mwenye mdomo kama kiatu. Mzee mmoja mvuvi akaniambia zamani wao wakimwona asubuhi wanageuza mtumbwi wanarudi nyumbani, maana siku hiyo samaki hampati. Nani mkweli hapo? Na ni kweli huyu ndiye namba moja Afrika?
Dada wa mapokezi, Entebbe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Namba moja kila mtu ana yake, lakini ukiniuliza mimi, Afrika nzima nampa huyo korongo domokiatu (wengine wanamwita korongo nyangumi) bila kusita. Anasimama mita moja na kitu, warefu wanafika 1.4, rangi ya majivu yenye ubluu kidogo, kishungi kidogo kisogoni, na hilo domo pana lenye ndoano mbele. Anapatikana kwenye vinamasi vya mafunjo kuanzia Sudani Kusini, Uganda, Kongo, Rwanda, magharibi mwa Tanzania mpaka Zambia, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wote kwa jumla ni kati ya 5,000 na 8,000. Kwa ndege mkubwa hivyo kwenye eneo kubwa hivyo ni wachache mno.

Wageni wako wanapelekwa Mabamba, kinamasi cha ziwa Victoria ambacho hakiko mbali na hapo ulipo. Wanapanda mtumbwi asubuhi, unapita kwenye njia nyembamba za maji, mafunjo huku na huku na mayungiyungi mbele, anayesukuma mtumbwi amesimama nyuma na mti wake mrefu. Halafu unamwona amesimama tu. Na atasimama. Unaweza kumkodolea macho nusu saa asigeuke hata shingo, anaangalia maji chini ya domo lake, wewe mgongo unauma na yeye hana habari. Wageni wengine hapo wanachoka wanaanza kuangalia simu, kosa kubwa hilo, maana anapopiga hapigi kwa mdomo peke yake kama korongo wengine, anajiangusha mwili mzima mbele, kichwa, kifua, mabawa yamefunguka, maji yanaruka juu. Akiinuka domo limejaa majani na matope na katikati kuna samaki. Anaanza kulitikisa domo taratibu kushoto kulia, majani yanadondoka yenyewe, samaki habanduki, kingo za domo ni kali zinamkata kichwa, halafu anammeza. Ukiona hilo mara moja utawaelewa wageni wako.

Kuhusu mzee mvuvi, mi simkatalii, ila nadhani jambo lenyewe liko hivi. Samaki anayependwa sana na korongo huyu ni kamongo, na kamongo unajua lazima apande juu avute hewa, kwa hiyo ndege anasimama pale pale kwenye maji mafupi anapojua kamongo atachungulia. Mvuvi naye anamtaka kamongo huyo huyo. Wakikutana asubuhi kwenye kijia kimoja ni washindani, na ndege alifika kabla, sasa atakayerudi mikono mitupu si anajulikana. Kwa imani hiyo waliuawa na kufukuzwa wengi. Leo Mabamba, ambayo nayo ni eneo la Ramsar tangu 2006, wanaowasukuma wageni kwenye mitumbwi ni watu wa hapo hapo, wengine walikuwa wavuvi, na kumwona asubuhi kumekuwa ndiyo riziki yenyewe. Zambia kule Bangweulu wamekwenda mbele zaidi, wavuvi wameajiriwa kulinda viota mpaka vifaranga viruke, kwa sababu kuna watu wanaiba vifaranga kwenda kuwauza. Na hasara yake ni kubwa, maana domokiatu anataga mayai mawili hivi na mara nyingi anakua kifaranga mmoja tu. Kwenye jua kali mzazi anabeba maji domoni anayamwagia mayai yapoe. Sijui ndege gani mwingine anajituma hivyo.

Kinachonisikitisha ni kwamba sisi Tanzania tunaye, yupo kwenye vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi, eneo letu la kwanza kabisa kuingia Ramsar, mwaka 2000, ila kufika kule ni kazi, na wageni wote wanaishia kwenu Entebbe. Ukirudi likizo Bukoba waambie.

SWALI: Naandika kutoka kaunti ya Kilifi, karibu na Gede. Kijana wangu anaongoza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke na kazi yake kubwa ni kuwaonyesha bundi. Mama mkwe wangu tunaishi naye, hataki hata nguo alizovaa msituni zianikwe kamba moja na zetu, anasema mtoto ataleta msiba nyumbani. Mwanangu analisha nyumba hii na kazi hiyo. Nimheshimu nani?
Mama, Kilifi

JIBU: Mama, waheshimu wote wawili, na inawezekana. Bibi hakuanza yeye hofu hiyo, wengi wetu tumekua tukiambiwa bundi akilia juu ya paa kuna mtu ataondoka, na mtu wa umri wake amezika wengi, usimshindanishe na kijana mezani mbele za watu.

Lakini huyo bundi wa kijana wako hata bibi pengine hajawahi kumwona, maana haji majumbani. Ni bundi wa Sokoke, mdogo mno, urefu sentimita 16 hivi na uzito kama gramu 50, angekaa kiganjani mwa bibi na nafasi ikabaki. Wataalamu walimpata mwaka 1965 humo humo msituni kwenu na mwaka uliofuata akaandikwa kwenye vitabu, na mpaka leo anajulikana sehemu chache tu duniani, hasa msitu huo na misitu ya chini ya Usambara Mashariki huku Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, aina moja hiyo hiyo, na wawili wa rangi tofauti unaweza kuwakuta wamekaa tawi moja. Anakula wadudu. Usiku anaita kwa sauti nyororo ya kurudiarudia, haina kishindo, kama hujaambiwa unaweza kudhani ni mdudu fulani au chura.

Mchana ndo kazi ya kijana wako inaonekana. Bundi huyo analala kwenye kichaka kilichosukana cha ule msitu wa udongo mwekundu, si juu sana, na amefanana na majani makavu kiasi kwamba mgeni anaelekezwa kwa kidole, hapo, kushoto ya ule mti, chini ya lile jani, na bado hamwoni, mpaka bundi afungue jicho kidogo, ka mstari ka njano tu. Hapo ndo wageni wanaziba midomo kwa mikono. Kumjua analala kichaka kipi leo, wakati jana alikuwa kingine, kunataka mtu anayetembea msitu huo kila siku, na ndiyo maana hakuna mzungu anayeweza kuja na ramani yake akampata bila vijana wa Kilifi. Hiyo ni elimu, mama, na bibi aambiwe hivyo kwamba mjukuu wake ana elimu ambayo watu wanapanda ndege kuifuata.

Mi ningefanya hivi: kijana amwonyeshe bibi picha mchana, si usiku, na amweleze anakula nini na analala wapi. Halafu amwombe bibi amsimulie ndege wa msitu enzi zake, majina yao ya Kigiriama na nini kilikuwa kinasemwa juu ya kila mmoja. Wazee wanalainika wakiulizwa. Na nguo zianikwe kamba ya pembeni kwa sasa, haina gharama.

Ndugu zako wa Dakatcha, kule nyuma ya Malindi, wamefanya kubwa zaidi. Kuna mnana wa manjano na mweusi ambaye duniani anajulikana kwenye Arabuko-Sokoke na Dakatcha basi, na kwa karne nzima tangu aandikwe hakuna aliyewahi kujua anajenga wapi, anatoweka tu miezi fulani. Mwaka 2013 ndo viota vikapatikana kwenye bwawa la msimu ndani ya misitu ya Dakatcha, na wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha hapo wakiwemo kwenye kumtafuta. Mvua ikinyesha na bwawa likajaa majani anakuja, isiponyesha haji. Miti ya Dakatcha inakatwa mkaa kila siku, kwa hiyo hapo ni mbio na muda.

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa Wete tunaona wageni wanakwenda msitu wa Ngezi usiku na tochi. Kwani Pemba nasi tunaye wetu?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Mnao wanne, na si wa Afrika nzima wala wa Zanzibar yote, ni wa Pemba peke yake: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kale kandege kadogo ka manjano kenye macho ya duara jeupe. Kwa kisiwa cha ukubwa huo ni utajiri mkubwa mno. Anayetafutwa na tochi ni bundi, na habari njema ni kwamba hakai Ngezi tu, hata kwenye mashamba ya mikarafuu yupo, kwa hiyo mkarafuu mkubwa wa zamani usiukate kabla hujasikiliza usiku kama una mpangaji.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Unguja ila tumekulia Maskati. Huku Oman watu wanasema hamna ndege, jangwa tupu. Nimeanza kupenda mambo haya karibuni. Kuna wa kuota huku?
Mpenzi mpya wa ndege, Maskati

JIBU: Yupo, bundi wa Oman, na kisa chake kizuri sana. Mwaka 2013 watu waliokuja Oman kurekodi sauti za ndege walikuwa usiku kwenye milima ya Hajar wanamtafuta bundi mwingine kabisa, wakasikia kwa mbali sauti wasiyoijua. Wakairekodi, wakarudi tena na tena, na mwaka huo huo bundi huyo akatangazwa kuwa mpya duniani. Halafu 2015 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba si mpya, ni yule yule aliyepatikana karne ya 19 huko pwani ya Pakistani, kielelezo kimoja tu kilichokaa makumbusho Uingereza, na muda wote huo jina lake alikuwa amepewa bundi mwingine wa jangwani. Yaani ndege alipotea kwenye karatasi miaka zaidi ya 130 huku yeye anaimba kwenye majabali ya Hajar kila usiku.

Kwa hiyo anza na masikio. Kaa usiku chini ya majabali marefu, zima injini, subiri. Ila nakuomba sana jambo moja, na hili ni kwa wasomaji wote: msiwapigie ndege sauti zao kwenye simu mara kwa mara ili watoke. Dume akisikia sauti anadhani ameingiliwa nyumbani, anaacha kula, anaacha jike, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Kwa ndege wachache kama hao ni kuwatesa. Waongozaji wazuri wanapiga kidogo sana au hawapigi kabisa.

SWALI: Kama mtu anaanza anunue darubini ya namna gani? Kuna za mtaani zimeandikwa zinakuza mara 50.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Achana nazo hizo za 50, ukizishika mkono unatetemeka na picha yote inacheza, hutaona kitu. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Ile 8 ndo ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana kinaingiza mwanga, msituni unauhitaji. Ikikushinda bei 8x32 nayo si mbaya na ni nyepesi. Iliyotumika na mtu kwa uangalifu ni bora kuliko mpya ya ovyo.

SWALI: Jambo bwana mwandishi. Niko Bunia, Ituri. Baba yangu alikuwa anatusimulia kuhusu tausi wa pori, siyo hawa wa hoteli. Watoto wangu wanasema ni hadithi, tausi ni wa Uhindi. Nisaidie.
Baba wa watoto, Bunia

JIBU: Jambo sana mzee wangu. Babu yao alikuwa na haki, na sayansi ilichelewa sana nyuma yake. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, kijana aliyekuja na msafara wa makumbusho ya New York kukusanya wanyama, aliona kwenye kofia ya mtu wa huko huko Ituri unyoya mmoja wenye mistari ambao hakuweza kuufananisha na ndege yeyote aliyemjua. Akauhifadhi. Akaulinganisha na kila kitu, hakuna. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1936 yuko Ubelgiji kwenye makumbusho ya Kongo pale Tervuren, akakuta ndege wawili waliokaushwa wamewekwa kando, wameandikwa kwamba ni tausi wa kufugwa walioletwa, akawaangalia manyoya, ndo wale. Mwaka huo huo akawaandika rasmi kuwa ni aina mpya, na mwaka uliofuata akarudi Kongo kuwatafuta.

Sasa fikiria mzee wangu, aliyevaa ile kofia alijua unyoya umetoka wapi. Aliyemtega ndege alijua. Wake zao waliompika walijua. Dunia ndo haikuuliza swali mpaka mwisho. Na watoto nao hawajakosea sana, maana ndugu zake wa karibu kweli ni tausi wa Asia, huyu ni tausi wa kweli pekee wa Afrika. Dume ana bluu nzito na kijani, shingo nyekundu, na kishungi cheupe kinachosimama kichwani, hana ule mkia mrefu wa kutandaza. Jike ni kahawia na kijani. Anakaa chini msituni, anaokota matunda na wadudu, usiku anapanda mtini.

Kwa wazungu wa ndege huyu ni kati ya ndoto ngumu kuliko zote, wengi wamezeeka bila kumwona, kwanza msitu ni mkubwa na yeye ni msiri, pili usalama wa mashariki ya Kongo nyie ndio mnaujua kuliko mimi. Mitego ya nyama ya porini inamnasa sana. Kama kuna wazee wa umri wa baba yako wanaokumbuka alikuwa anaonekana wapi na analia vipi, warekodini kwa simu sasa hivi, wakiwa hai. Hilo ni ombi langu kwako kabisa.

SWALI: Shikamoo. Mimi niko kidato cha nne, Kilolo. Mwalimu wetu wa baolojia alisema kuna kwale aligunduliwa kwenye sufuria huku kwetu Udzungwa, darasa zima tukacheka. Ni kweli? Na wewe unaota ndege gani? Nataka nikimaliza shule niwe mwongozaji.
Mwanafunzi, Kilolo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu yuko sahihi, mpe pole kwa kuchekwa. Mwaka 1991 watafiti wa Denmaki walikuwa kambini kwenye misitu ya milima yenu, na kwenye sufuria ya kitoweo wakaona miguu miwili ya ndege ambayo haikufanana na ya kuku wala kanga wala kwale yeyote wa Afrika. Wakaanza kumtafuta akiwa hai, wakampata, na 1994 akaandikwa rasmi: kwale wa Udzungwa. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba ndugu zake ni kwale wa misitu ya Asia, siyo hawa wetu wa mashambani, yaani yeye na yule tausi wa mzee wa Bunia wote ni mabaki ya ukoo wa zamani sana uliobaki Afrika baada ya misitu kukatikakatika. Baadaye wengine wanaofanana naye wakapatikana milima ya Rubeho, na ni hivyo tu, hayupo kwingine.

Na umeniuliza naota nani, ni huyo huyo. Wageni wanaomtaka wanapita kijijini Udekwa, hapo wilayani kwenu, wanapanda kwa miguu na wapagazi wanalala msituni, kwa sababu anakaa juu, zaidi ya mita 1,300, anatembea chini kwenye majani makavu kwa vikundi vidogo, na ukikanyaga kijiti kimoja kikalia ameshaondoka. Ndani ya msitu huo huo kuna chozi mwenye wekundu wa kutu mabawani ambaye naye ni wa Udzungwa, kwa hiyo anayepanda anaota wawili kwa mpigo.

Kuhusu kazi, usisubiri kumaliza shule. Anza na sauti, maana msituni utasikia ndege kumi kabla hujaona mmoja, kila siku jifunze sauti moja mpaka uijue usingizini. Kingereza kisome kwa bidii, majina ya kisayansi nayo, wageni wanayatumia sana. Na tafuta wazee waliokuwa wanatega zamani, ukae nao, uwaulize kwale huyu analala kwenye miti gani, anatoka saa ngapi, anakula mbegu zipi, watoto wake wanaonekana mwezi gani. Kitabu kitakupa picha, hayo mengine wanayo wao, na wengi hawajawahi kuulizwa. Andika kwenye daftari na tarehe. Ukijaza kurasa chache niandikie tena, majina ya Kihehe ya ndege uliyoyakusanya nitayachapisha hapa pamoja na jina la shule yenu.